Mkate Uliofungiwa Kabatini

Mliniacha wiki jana nimesimama jikoni, mikono inanuka siki, ndoo iko tupu miguuni pangu, na Shangazi yuko mlangoni anauliza nani amemwaga ndoo ya mama yake.

Anayenikuta leo kwa mara ya kwanza nitamwonjesha kidogo. Wenyeji mnivumilie.

Ninakaa kaunta katika duka la mikate la Shangazi, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu sijajua kufunga vifungo vya gauni. Chuoni nilisomea lishe. Nilimaliza, kazi zikanipiga chenga, nikarudi kwake. Wateja wananiita Redio, kwa sababu siongei. Mtu akinikazia macho maneno yananikimbia, nabaki kuinamia mizani kama nimepoteza kitu humo.

Nyuma ya duka kuna tanuri la matofali, na mbele ya tanuri kuna Fundi. Nilishawaambia kwamba nampenda na kwamba yeye hana habari. Ananiita dada, na kila akiniita hivyo moyo unanishuka mpaka kwenye kandambili.

Tangu Fundi arudi kutoka kumzika mama yake, mikate yetu imepata ugonjwa. Inatoka tanurini mizuri, inang'aa, inapasuka juu vizuri pale ilipokatwa na wembe. Kesho yake ukiumega, ndani umelowa na unanata, na kati ya kipande na kipande zinavutika nyuzi kama za buibui. Harufu yake ni tamu, tamu ya tikiti lililooza. Mtaa ukakaa, ukaamua: kijana amerudi na kitu kutoka makaburini.

Mimi nilijua si makaburi. Ni ndoo.

Bibi, mama yake Shangazi, ndiye aliyeanzisha duka. Mkate uliobaki alikuwa akiuloweka kwenye ndoo usiku kucha, ukilainika anauchanganya kwenye donge la siku inayofuata. Ndiyo siri ya ladha yetu. Lakini Shangazi hatupi kitu. Mteja akirudisha mkate mbovu anapewa miwili mizuri, na ule mbovu unaenda ndooni pamoja na mingine. Chuoni tulifundishwa kwamba viko vijidudu ambavyo moto wa tanuri hauviui. Vinatulia ndani ya mkate, vikipata joto vinaamka. Kwa hiyo kila aliyekuja kulalamika, tulilikanda lalamiko lake upya tukamuuzia jirani yake.

Nilishindwa kumwambia Shangazi. Nikasubiri atoke, nikaimwaga ndoo, nikasugua mbao zote za kukandia kwa siki, na Fundi akanisaidia bila kuniuliza kwa nini. Ndipo Shangazi akarudi mapema.

"Nauliza tena," alisema. "Nani?"

Nilifungua mdomo.

"Paka," Fundi alisema.

"Paka."

"Aliingia dirishani, akakanyaga ukingo wa ndoo."

Shangazi alivuta hewa puani. "Na hii siki? Alikuja nayo?"

Fundi alitazama vidole vyake vya miguu.

"Paka wa siku hizi wasafi," Shangazi alisema taratibu. Hakucheka. Aliinama, akaiokota ndoo, akaipangusa kwa aproni yake ndani na nje, akaikumbatia kama mtu anayemwinua mtoto aliyeanguka. Akaenda nayo chumbani kwake, akafunga mlango.

"Ahsante," nilimwambia Fundi.

"Usijali, dada."

Kandambili.

Jumanne tukaoka bila ndoo. Jumatano vilevile. Hakuna aliyerudisha mkate.

"Redio," Kinyozi wa duka la jirani alisema, akiegemea kaunta yangu kama kawaida yake. "Leo naona mmefunga kiwanda cha nyuzi. Juzi nilitegemea mkate wenu unishonee suruali."

Watu wakacheka. Hata Shangazi alitabasamu kidogo, na mimi nikathubutu kuamini kwamba yamekwisha.

Mchana wa Jumatano akaingia Mama Mwavuli. Anaitwa hivyo kwa kuwa mvua au jua, mwavuli anao, na hautumii kujikinga, anautumia kunyooshea watu. Nyuma yake walikuwa wanawake wanne wa mtaa, wateja wetu wote, mikono wamefumbata.

"Nimekuja kwa heri," alianza.

"Karibu kwa heri," Shangazi alisema. Alikuwa ametokea jikoni unga umemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Sisi tunakupenda. Mama yako alitulisha, na wewe umetulisha. Lakini yule kijana wako," mwavuli ukanyooka kuelekea jikoni, "mikono yake hatuitaki tena."

"Leo kuna aliyepata nyuzi?"

"Hapana."

"Jana?"

"Siku mbili hazimsafishi mtu. Mwanangu wa mwisho alitapika wiki nzima. Ukitaka turudi, kijana aondoke."

Kupitia upenyo wa mlango nilimwona Fundi. Alikuwa ameacha kukanda. Mikono yake ilikuwa imezama ndani ya donge hadi vifundoni, na hakuitoa.

Shangazi akasema, "Kesho tutaoka. Nitachukua mkate mmoja mbele yenu, nitaufunga kwa kitambaa, nitaufungia kwenye kabati hili la kioo. Ufunguo utakaa shingoni mwangu. Jumamosi asubuhi mje wote, niumege hapa. Ukivuta uzi hata mmoja, kijana anaondoka kabla chai haijapoa."

"Na usipovuta?"

"Utamwomba radhi hapahapa. Na mwavuli utakuwa unauacha mlangoni."

Wanawake wale wanne wakacheka, Mama Mwavuli naye akalazimika kucheka. Wakakubaliana.

Mimi nikainamia mizani kuficha furaha. Ndoo ilikuwa tupu. Mbao zilikuwa safi. Kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze nilijua jambo litakavyokwisha, na nikalala usingizi wa mtoto.

Alhamisi mkate ukachaguliwa. Mama Mwavuli mwenyewe aliuchagua, akaugonga chini kwa kidole, akausikiliza kama daktari. Ukafungwa kitambaa cheupe, ukawekwa kwenye rafu ya katikati, kufuli likabanwa. Siku nzima wateja waliingia wakauchungulia, wakiongea kwa sauti za chini. Wengine walitoka bila kununua kitu.

Kitu kimoja tu kilinikosesha raha. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

Kiti kile ni cha Babu. Si babu yangu, ni mzee wa nyumba ya kona, mteja wa tangu enzi za Bibi. Kila asubuhi anakaa pale na chai yake, anakula kichwa cha mkate, na kunisimulia habari bila kunidai majibu. "Wewe ndiye redio nzuri," aliwahi kuniambia. "Redio nyingine zinaongea tu, wewe unasikiliza." Tangu Jumapili hakuonekana.

Ijumaa asubuhi nilifungua duka nikasikia harufu.

Ilikuwa hafifu, ya kupita. Nikajiambia ni matunda ya mtu aliyepita nje. Nikafagia. Nikapanga mikate. Nikafungua madirisha yote mawili, hewa ikaingia, harufu ikabaki. Nikasogea kwenye kabati la kioo, nikaweka pua penye upenyo wa mlango.

Tikiti.

Nilisimama pale fagio mkononi. Haiwezekani, nilijisemea. Ndoo niliimwaga mwenyewe.

Nikaenda jikoni. Kwenye pembe yake ya siku zote, chini ya meza ya kukandia, ndoo ya Bibi ilikuwa imekaa, imefunikwa kitambaa. Nikainua kitambaa. Ilikuwa imejaa pomoni.

Shangazi alikuwa anapanga kuni mdomoni mwa tanuri.

"Shangazi. Imejaa."

"Nini?"

"Ndoo."

"Ulitaka ibaki tupu?" Hakugeuka. "Paka akimwaga, mwenye nyumba anajaza."

"Umeijaza na nini?"

"Na mkate, mwanangu. Ndoo ya mkate inajazwa na nini, kokoto?"

"Mkate upi?"

"Ule uliorudishwa. Nilikuwa nao chumbani, nimeuanika kwenye gunia. Nilijua iko siku."

Nilishika ukingo wa meza. "Uliingia kwenye donge la Alhamisi?"

Sasa akageuka. Jasho lilikuwa linamtiririka, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona siku zote hizo, au niliona nikakwepa kukiona: mashavu yalikuwa yamemwingia ndani, na mkono wake mmoja ulikuwa umekandamiza tumbo.

"Ulitaka niwaonyeshe watu wale mkate usio na mkono wa mama yangu?" alisema. "Niliutia mwenyewe, Fundi alipotoka kupasua kuni. Kesho nikiumega wataonja mkate waliokuwa wakila mama zao. Wataona aibu."

"Shangazi, hiyo ndoo ndiyo..."

"Ndiyo nini?"

Alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nikiumwa, akisubiri niseme panauma wapi.

"Malizia, mwanangu. Ndiyo nini?"

Maneno yalikuwa yamepangana kooni, mazuri, ya chuoni, kila moja mahali pake. Halikutoka hata moja.

"Mama yangu hakuwahi kumdhuru mtu," alisema Shangazi.

Nami sikuwa nimesema kwamba kuna aliyedhuriwa.

Kengele ya mlango wa duka ikalia. Nilikimbilia kaunta kwa furaha ya mtu aliyesamehewa mtihani. Alikuwa binti wa Babu, mwanamke mpole anayefua nguo za watu, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Habari ya asubuhi, mdogo wangu."

"Nzuri, dada. Babu hajambo?"

"Tumbo. Kila anachokula kinarudi. Amekataa uji, amekataa kila kitu. Anasema anataka kichwa cha mkate wenu tu. Nipe mmoja, labda moyo wake utatulia."

Nilitazama rafu iliyokuwa nyuma yangu. Ilikuwa imejaa mikate ya asubuhi ile, bado ina joto. Yote ilikuwa imepitia ndooni.

"Umeisha," nikasema.

"Umeisha?" Alinyoosha shingo. "Na ile?"

"Ya oda."

"Yote?"

"Yote, dada."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kaunta pale, na niliuona ukimwingia. Mwanamke yule hakugomba. Alikunja mkono uliokuwa umeshika pesa, akaurudisha kifuani, akageuka. Nikashusha pumzi.

"Nani kasema umeisha?"

Shangazi alikuwa ametoka jikoni. Alichukua mkate ulio mzuri kuliko yote, akaufunga karatasi, akazunguka kaunta akauweka mikononi mwa mwanamke yule.

"Mpelekee Babu. Mwambie ni wa bure. Mwambie kiti chake kinamngoja."

"Mungu akuweke, mama."

"Huyu mtoto hajalala vizuri," Shangazi alisema, akinigusa bega. "Msamehe."

Niliuona mkate ule ukivuka barabara chini ya kwapa la yule dada. Nilitoka mlangoni. Nikafika mpaka kwa Kinyozi. Nikainua mkono, nikafungua mdomo kumwita, na watu waliokuwa kwenye benchi la Kinyozi wakageuka wote kunitazama.

Mkono nikaushusha. Nikajifanya naweka sawa kitambaa cha kichwa.

Yeye akakata kona.

Mchana nilimfuata Fundi uani. Alikuwa amekaa juu ya gogo, shoka limelala, na pembeni yake aproni yake ya kazi. Ilikuwa imefuliwa na kukunjwa pembe nne.

"Mbona umeikunja?" nikamuuliza.

"Ili nisimwachie Shangazi nguo chafu."

"Kwa hiyo unajua."

"Donge la Alhamisi nililikuta limeshakandwa nusu. Nilipolivuta likarefuka kama kamasi. Nimekanda miaka mingi, dada. Najua kilichokuwa ndani yake." Alichota vumbi, akaliacha limwagike. "Na ile siku ya paka, ulipokuwa unasugua kwa siki huku unalia, nilielewa ni ndoo."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mama, umelisha watu sumu kwa mkono wa mama yako? Mimi niliyekuja hapa sina hata viatu, akanipa vya marehemu mume wake?" Alitikisa kichwa. "Likitoka kwangu, ni tusi. Atasema kijana anajitetea. Likitoka kwako ndiyo atalisikia."

"Siwezi kuongea mbele za watu."

"Najua."

"Nasahau hata jina la mkate."

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekunja aproni."

Alisema bila kinyongo, na ndicho kilichoniuma. Nilitaka anilaumu. Nilitaka pia kumwambia lile jingine, kwamba akiondoka hapa sitakuwa na sababu ya kuamka alfajiri, lakini kama sikuweza kusema la ndoo, hilo ningelisemaje?

"Tuvunje kufuli," nikasema. "Tubadilishe mkate."

Akacheka kidogo, cheko la kwanza baada ya wiki nyingi. "Halafu tuwe wachawi na wezi pia. Hapana. Wewe ndiye pekee mwenye ufunguo, na hauko shingoni mwa Shangazi."

Jumamosi waliingia kabla sijamaliza kufuta meza. Mama Mwavuli na wenzake wanne, Kinyozi na wembe wake mfukoni, wapangaji wa ghorofani, watu ambao sijawahi kuwauzia kitu. Waliobaki nje walibandika nyuso kwenye kioo. Kiti cha dirishani hakuna aliyekikalia, ingawa watu walikuwa wamesimama wamebanana. Walikizunguka tu.

Harufu ilikuwa imeshajaa duka zima. Niliona pua zikikunjana, niliona watu wakitazamana. Shangazi peke yake alionekana haisikii. Alikuwa amevaa gauni lake la heshima. Limempwaya.

Fundi alisimama karibu na mlango wa jikoni, mikono nyuma.

"Mmenijua tangu nikiwa mdogo," Shangazi alisema. "Mama yangu mlimjua. Sina hotuba."

Akavua ufunguo shingoni. Kufuli likafunguka. Akautoa mkate, akafungua kitambaa mbele yao. Kwa nje ulikuwa mzuri vilevile, rangi ya asali, mkato wa wembe umefunguka kama tabasamu.

"Uzuri wa nje tuliuona juzi," Mama Mwavuli alisema. "Umege."

Shangazi akaushika kwa mikono miwili, akaumega.

Haukutoa sauti ya mkate mkavu. Ulitengana polepole, kama kitu kisichotaka kutengana. Na kati ya nusu ya kulia na nusu ya kushoto zikavutika nyuzi, nyingi, nyembamba, zinang'aa kwenye mwanga wa dirisha, zikarefuka na hazikukatika.

Mtu mmoja nje alikohoa.

Shangazi aliutazama mkate kama mtu anayesoma habari asiyoitarajia. Midomo yake ilisogea. Nafikiri alisema "mama", lakini siwaapii.

"Haya," Mama Mwavuli alisema. Hata yeye hakuwa na furaha. Mwavuli ulikuwa umeangalia chini.

"Ni mimi," Fundi alisema.

Alisogea mbele, akaiweka aproni iliyokunjwa juu ya kaunta, karibu na mkono wangu. "Msimlaumu mama huyu. Ni mimi. Naondoka."

Watu wakaanza kunong'ona, wakaanza kumpisha njia, na mimi nikaona ninavyompoteza, hivihivi, bila kelele, kama nilivyopoteza kila kitu maishani. Mlango ukafunguliwa. Lakini aliyeufungua hakuwa yeye. Alikuwa binti wa Babu, akihema, nguo za jana bado ziko mwilini.

"Ni nani anasema ni yeye?" aliuliza. "Nimesikia nikiwa nje."

Mama Mwavuli akamwonyesha kwa kidevu.

Yule dada alimkabili Fundi. "Baba yupo hospitali tangu alfajiri. Jana alikula kipande kimoja. Nilimkataza, harufu sikuipenda. Akasema mkate unaotoka kaunta ya Redio hauwezi kumdhuru." Hakunitazama aliposema hivyo. Afadhali angenitazama. "Sikuja kugombana, kaka. Daktari anauliza amekula nini, mkate ulitiwa nini, tangu lini. Anasema akijua atajua pa kuanzia. Basi niambie. Umetia nini?"

Fundi aliigusa aproni iliyokuwa juu ya kaunta.

"Umetia nini, kaka? Sitakushitaki. Taja tu."

"Mimi..." alisema Fundi. "Nime..." Akatazama juu, akatazama sakafu. Alikuwa tayari kubeba lawama, lakini lawama haina jina ambalo daktari anaweza kulitibu. Macho yake yakaja kwangu, yakaondoka upesi, kama aliyegusa bakuli la moto.

Kinyozi huyu si mtu wa utani tu. Aliyafuata macho yale.

"Redio," alisema. "Wewe una la kusema?"

Duka zima likageuka. Nyuso za ndani, nyuso za kwenye kioo. Shangazi alikuwa amesimama kando yangu, nyuzi bado zinaning'inia kati ya mikono miwili iliyonilea, na bila kusogeza kichwa akanong'ona kwa sauti ya kunifikia mimi tu.

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza kama ulivyozoea."

Kwa hiyo alijua. Sijui tangu lini, labda tangu siku ya siki. Alijua.

Nikaitazama aproni iliyokunjwa pembe nne. Nikakitazama kiti cha dirishani.

"Si yeye," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoizoea, mpaka nikashtuka mwenyewe. Fundi akatikisa kichwa, polepole, ananiomba niache. Binti wa Babu akasogea kaunta, akashika ukingo kwa vidole vyote.

"Si yeye? Basi ni nini, mdogo wangu?"

"Ni ndoo. Ndoo ya Bibi. Iko jikoni, chini ya..."

Shangazi aliinua nusu ya mkate iliyokuwa mkono wa kulia. Nyuzi zikamfuata, zikamgusa kidevuni. Akauma. Akatafuna mbele ya watu wote, taratibu, akameza, mkono wa pili umekandamiza tumbo, macho yake hayajaniacha.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Waambie. Mama yangu amefanya nini?"

Na akauma tena.